Toka Léo Mpaka Kabambare, Vyungu Kumi na Mbili vya Muchele

Siku ya kwanza ya juma, 4 novemba 1957

Mimi Théophile, mutu wa Kabambare, nimeruka kwa ndege. Toka uwanja wa Kasongo mpaka Léopoldville, kwenda na kurudi. Nilikaa pembeni ya dirisha. Nimeyaona mawingu kwa mugongo wao, meupe, sawa mupunga uliotwangwa ukaanikwa kwa mukeka. Muzungu akaniletea limonadi. Kabambare yote inajua.

Uongo.

Kwa hii kaye, daftari langu, hakuna wa kudanganya. Ninasoma mimi tu, na mimi ninajijua. Sijaruka hata urefu anaoruka kuku akifukuzwa. Kazi yangu kwa uwanja wa Kasongo ilikuwa kukata nyasi, miaka na miaka, mugongo umepinda kwa ajili ya Bula Matari, serikali ya wazungu, na magurudumu ya ndege zake. Siku moja bibi wa muzungu alitapika ndani ya ndege. Wote wakashuka, pua zimefungwa, wakaniita mimi na ndoo. Nikasafisha. Nilipomaliza nikakaa kwa kiti. Injini imezimwa, kimya kabisa — nikafunga macho. Hiyo njo safari yangu yote! Nilipofungua nilikuwa nimeshafika Léo na kurudi.

Limonadi ilikuwa ya kweli. Ilibaki kwa chupa ya yule bibi, nikaimaliza.

Naandika upuuzi huu sababu sitaki kuandika mengine. Subira, muke wangu, iko mugonjwa. Miguu imevimba mpaka magoti. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Kulala chini hawezi, pumzi inakata. Analala amekaa, sawa mutu anayengoja kamio kando ya barabara. Infirmiye, muuguzi wetu, alikuja leo na mipira yake ya masikio, akamusikiliza, akanivuta nje. Akasema moyo umechoka, maji yanajaa, dawa zake yeye zimefika mwisho. Apelekwe Kasongo kwa dokotoro. Alimasi, shoferi wa kamio ya muchele, anaondoka siku ya tatu asubuhi. Fasi ya mugonjwa iko.

Nikamwambia Subira. Akasema: "Nataka kumuona Émérance." Nikasema dokotoro kwanza. Akasema: "Huyo dokotoro nilimuzaa mimi?"

Émérance ni mutoto wetu wa mwisho. Wengine tuliwazika, yeye alibaki. Akaolewa na karani wa Léo, akaenda, na tangu pale tunamujua kwa picha tu. Juma lililopita nilimuomba Pacifique, karani wa posta yetu, apige telegramu: mama mugonjwa, kuja. Mpaka leo jibu hakuna.

Siku ya pili, 5 novemba

Jibu! Pacifique alikuja mwenyewe na baiskeli, anapiga kelele tangu kwa kona: "Muzee! Muzee Théophile! Mutoto anapanda avio!" Akasoma mbele ya watu. Émérance anaondoka Léo siku ya ine, asubuhi, kwa avio, yaani ndege. Mume wake anatusalimia.

Uwanja wa nyumba yetu ukajaa. Na kwa sababu hapa hakuna mutu mwingine aliyeruka, wote wakanigeukia mimi. Hata Kasimu! Kasimu ni kaka wa Subira, mutu wa musikiti. Tangu nimuoe dada yake hajanisifu hata kwa kukohoa. Leo akauliza kwa heshima: "Shemeji, wewe uliyepita ile njia. Léo mpaka hapa, ndege inachukua muda gani?"

Ningesema sijui. Neno fupi. Sijui! Lakini ulimi wangu haujazoea kulibeba.

Nikasema: "Ngojeni nipime vizuri, nisiwadanganye." Nikaenda kwa darasa la katekista. Kule kuna karta, ramani ya Kongo, kwa ukuta. Nikachuna uzi wa mugomba, nikapima Kasongo mpaka Kabambare: ukucha mumoja wa kidole gumba. Nikapima hapa mpaka Léo: kucha kumi na mbili. Wote wananiangalia mikono sawa Mupe, padri wetu, akigawa komunyo.

Sasa muda. Hapo nilikuwa na akili, wacha nijisifu kidogo. Siku moja ndege ilimuchukua muzungu mukubwa toka Kasongo kwenda upande wa ziwa. Pacifique alisikia kwa waya kwamba imeondoka, akatuambia tutoke nje tuangalie juu. Subira ndiyo kwanza alikuwa ameteleka muchele, chungu ya watu wawili. Ulipoiva, ndege ikapita juu yetu. Basi! Ukucha mumoja ni chungu moja. Kucha kumi na mbili ni vyungu kumi na mbili. Akiruka alfajiri, jua likiwa kichwani safari imekwisha.

Ndege inashukia wapi? Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikujiuliza.

Subira alisikia yote toka ndani. Akacheka mpaka kikohozi kikamushika. "Vyungu kumi na mbili tu! Kumbe Léo ni karibu kuliko Salamabila. Ukienda Salamabila unakula njiani, unalala, unakula tena, na bado." Kiisha akasema: "Basi mimi Kasongo siendi. Mutoto atoke Léo yote ile, akute nyumba tupu? Tupishane kwa njia?"

Infirmiye akasema hapana, mama apande kamio kesho. Subira akasema Muzee ameshapima. Wakaniangalia wote.

Nikasema: "Ni siku mbili tu. Amuone mutoto, kiisha wote wawili wataenda kwa dokotoro."

Siku ya tatu, 6 novemba

Alimasi alikuja kungali giza. Alikuwa ametandika majani makavu juu ya magunia, na godoro juu ya majani. "Muzee, fasi ya mama ni laini kuliko ya bibi yangu." Nikamwambia aende. Akauliza mara mbili. Nikamwambia aende.

Infirmiye akasema mbele ya watu wote: "Mimi nilisema." Nikamujibu: "Wewe kila aliyekufa Kabambare ulishamusema. Siku moja lazima ukosee." Watu wakacheka. Nikafurahi walivyocheka.

Kamio ikapanda mulima. Sauti ikaendelea, ikaendelea, ikaisha.

Subira ameomba asukwe nywele. Régina, jirani yetu, alimusuka polepole, anamuacha apumue kwa kila mustari. Sasa iko sawa musichana mwenye miguu ya tembo. Nilimwambia hivyo. Akanitupia kitana.

Siku ya ine, 7 novemba

Alfajiri akaniamsha. "Waambie wapike."

Wapike nini?

"Muchele. Hivi sasa mutoto anaruka. Wapike chungu moja kiisha nyingine, ile ile, chungu ya watu wawili. Nitajua amefika wapi."

Mimi ni mutu wa michezo, lakini mchezo huu sikuubuni mimi. Régina akateleka. Chungu ya kwanza ikaiva: nikatangaza ameiacha Léo, nyumba zimekuwa ndogo sawa sanduku za kiberiti. Ya pili, ya tatu: msitu tu, hakuna la kuona. Ya ine nikasema sasa wanamuletea limonadi. Subira: "Atakunywa? Yeye sukari inamuumiza meno." Nikasema kule juu meno hayaumi. Watoto wa jirani wanakula kila chungu inayoshuka. Wakubwa wakaja pia, na sahani. Hapa hakuna karamu kubwa vile tangu pasaka. Ya saba: Kasaï iko chini yake. Nilisema Kasaï sababu niliiona kwa karta, herufi kubwa. Subira amefunga macho, kidole kinatembea kwa mukeka, taratibu, kinafuata njia ya ndege.

Kwa chungu ya tisa Kasimu alifika, akaona vyombo, akasema kwa mzaha: "Shemeji, muchele wa matanga mutaumaliza kabla ya matanga!"

Yeye mwenyewe akajiziba mudomo. Régina akamwaga maji kwa moto, sijui kwa nini, kiisha akaanza kuuwasha upya.

Subira hakufungua macho. "Endelea kupika."

Ya kumi na mbili ikaiva jua likiwa kichwani. Nikasema: amefika. Sasa ni gari tu. Wote tukakaa tukiangalia njia ya Kasongo. Watu wakaanza kuaga, mumoja mumoja, wana kazi zao. Saa tisa mvua. Ile mvua ya novemba, haina adabu. Jioni njia ilikuwa muto.

Chungu ya mwisho ilibaki jinsi ilivyo. Subira alisema ni ya Émérance. Muchele umekuwa baridi, umeshikana.

Siku ya tano, 8 novemba

Nilienda kwa posta. Pacifique hakuwa na telegramu. Nikamuuliza — kwa ujanja, kama mutu anayejua — ndege ya siku hizi inapita wapi.

Akanieleza. Natamani asingenieleza.

Ndege ya Léo haiji moja kwa moja. Inashuka Luluabourg, inakunywa petroli, inapakia barua, watu wanatoka kujinyoosha. Mvua ikikataa, inalala pale pale. Haiondoki kila siku, ina siku zake. Mutu mweusi kupata kiti ni shughuli: ruhusa, muhuri, kusubiri wazungu wenye kofia wakae kwanza. Na haishukii Kasongo. Inashukia Kindu.

Kindu!

Toka Kindu, treni. Toka treni, muto Lualaba, baki, chombo cha kuvusha watu. Kiisha Kasongo. Kiisha kutafuta kamio. Kiisha barabara yetu, ile tunayoita barabara kwa heshima tu.

"Na tena Muzee," Pacifique akasema, "saa ya Léo iko nyuma ya yetu. Kule ikiwa saa moja, hapa ni saa mbili tayari." Nikamuuliza nani aliiiba hiyo saa. Akasema ni jua. Nikasema basi wazungu wameupa muji jina la uongo, mutu akitoka Léo hafiki leo wala kesho. Akacheka. Mimi sikucheka, niliisema tu sababu mudomo umezoea.

Kiisha akanitazama. "Lakini Muzee, wewe si uliruka? Hukushuka Luluabourg?"

Nikasema: "Wakati wangu walipita njia ingine."

Nikarudi kwa darasa, nikapima tena. Léo mpaka Kindu: kucha kumi. Kindu mpaka hapa: kucha mbili na nusu. Mbili na nusu! Yule ndege wa chuma anakula kucha kumi kwa nusu siku. Hizi mbili na nusu za chini, za tope na baki na treni, zitamula mwanangu siku ngapi? Karta haisemi. Karta haina mvua.

Hesabu yangu haikukosea. Njo kinachoniuma. Vyungu vilikuwa vya kweli. Nilipima anga, nikasahau udongo.

Subira aliuliza nimepata habari gani. Nikasema mutoto iko njiani. Hilo si uongo, nafikiri.

Siku ya posho, 9 novemba

Telegramu toka Kindu. Émérance alifika Kindu siku ile ile ya ine, magharibi. Ile saa tulipokuwa tunaosha vyungu kwa mvua, mutoto wangu alikuwa anakanyaga udongo wa Maniema! Habari zake zimechukua siku mbili kuja, yeye mwenyewe siku moja toka Léo. Anangoja treni.

Nilimusomea Subira. Akauliza: "Kindu ni chungu ngapi toka hapa?"

Nikasema mbili na nusu.

"Basi ni leo."

Nilitoka kukata nyasi nyuma ya nyumba. Hakukuwa na nyasi.

Infirmiye alikuja, akamuchoma sindano, hakuniambia neno. Angenitukana ningefurahi. Nilimuuliza kama kuna kamio ingine. Akasema hata ikiwepo, sasa barabara itamuua kabla ya moyo.

Siku ya Mungu, 10 novemba

Sikuenda misa. Mungu anajua nyumba yangu ilipo kama ana neno.

Maji yamepanda. Tumbo sasa. Subira anaongea maneno mawili, anapumzika, maneno mawili. Nilikuwa namushika kwa mugongo asianguke mbele. Akasema: "Nisimulie. Ulivyoruka."

Basi nikasimulia. Yote, toka mwanzo. Kiti cha ngozi, mukanda, injini inavyotetemesha meno. Kasongo inavyokuwa ndogo, musalaba wa kanisa sawa sindano. Lualaba imelala chini sawa nyoka aliyekula. Mawingu. Nikaongeza mambo mapya, upinde wa mvua wa duara, muzungu mumoja aliyekuwa analia kwa woga na mimi nikamushika mukono. Sijawahi kusimulia vizuri vile. Nilifika mpaka limonadi.

Akasema: "Hukuruka."

Nikaendelea kumushika mugongo.

"Siku ile ulirudi na nguo. Nilizifua mimi. Zilinuka nyasi, petroli, na matapishi ya mutu. Aliyeruka hanuki nyasi."

Miaka yote ile! Nimeisimulia harusini, matangani, mbele ya Bwana wa teritware, muzungu anayetutawala. Na yeye anapita na sinia ya vikombe, anasikiliza, anatikisa kichwa sawa shahidi. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Ulikuwa unasema vizuri."

Nikacheka. Kiisha nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. Nikamuuliza: kama ulijua mimi ni muongo wa ndege, kwa nini ulikataa kamio ya Alimasi? Kwa nini uliniamini?

Akavuta pumzi mbili, tatu. Akasema: "Ndege nilijua ni uongo. Lakini muchele? Mulafi sawa wewe — atakosea muchele?"

Akacheka. Yeye alicheka. Kifua kinalia sawa kibuyu ndani ya maji, na bado anacheka. Mimi nilitoka nje nikasimama kwa ukuta wa jiko mpaka Régina akanipa maji, akasema ninywe, nikanywa. Sijui nilikuwa nafanya sauti gani.

Siku ya kwanza ya juma, 11 novemba

Kasimu ameleta kitambaa cheupe. Alikiingiza kwa mulango wa jiko chini ya kanzu, kama muchele wa wizi, akakiweka juu ya dari. Nilikiona. Alijua nimekiona.

Tukaongea nje, sauti chini.

Alisema: "Shemeji, dada yangu hakubatizwa. Alizaliwa wa kwetu, anaondoka wa kwetu. Ikitokea asubuhi, magharibi iko kaburini. Ni sheria, si mimi."

Nikasema: "Mutoto iko njiani."

"Maiti hangoji mutoto."

"Nani amesema maiti? Iko ndani, anakunywa uji!"

Kasimu ni muzee kama mimi, meno yamemutoka mbele. Ni yeye aliyembeba Subira mugongoni alipokuwa mudogo. Akasema: "Théophile." Hajawahi kuniita jina. "Hujui nami namuomba Mungu hiyo barabara ikauke?"

Sasa najua. Tulikaa kwa kizingiti, wazee wawili wapumbavu, tunaangalia mawingu yanakuja toka upande wa Kasongo.

Siku ya pili, 12 novemba

Ndege imepita juu. Subira akainua kidole. Mimi sikutoka kuangalia. Ipite. Ipite na tumbo lake lililojaa wenye kofia. Kwa muda wa kunywa kikombe hiki cha maji imeshavuka yote — mito, tope, mutoto wangu — na hata haikujua kuna mutu chini.

Uji hakunywa.

Siku ya tatu, 13 novemba

Habari! Mutu wa baiskeli toka Wamaza, kwa njia ya Kasongo, muuza chumvi, alisimama kwetu bila kuombwa. Émérance ameuvuka muto. Baki ya upande ule maji yaliikata kamba, kwa hiyo akatembea kando ya muto mpaka ng'ambo ya Nyangwe, wavuvi wakamuvusha kwa mutumbwi. Kasongo akamukuta nani? Alimasi! Na ile kamio, na lile godoro juu ya magunia. Alimasi alipojua ni mutoto wa nani hakungoja mizigo yake. Akawasha.

Nikapiga makofi. Muuza chumvi akasema ngoja Muzee. Kamio imezama kwa tope, mbele kidogo ya Wamaza, mpaka kwa milango. Watu wanasukuma tangu jana. Nikauliza: na mutoto?

"Alishuka. Anakuja kwa miguu. Nguo ya Léo imefungwa kiunoni, viatu mukononi. Nilimupa kiti cha nyuma akakataa, akasema wewe tangulia, ukawaambie niko nakuja. Mwambie mama."

Huyo ni mutoto wa Subira. Mimi ningepanda.

Pacifique amefunga posta — Bwana atamukata mushahara — ameenda kumuchukua na baiskeli yake. Nilimwambia Subira kwa sikio. Macho yalifunguka. Mukono wake ukakamata wangu, na una nguvu bado, mukono wa mutu wa kutwanga.

Siku ya ine, 14 novemba

Asubuhi. Mvua imekatika. Pacifique hajarudi.

Infirmiye alikuja akatoka. Kasimu iko kwa mulango na tasbihi, haingii, hatoki. Wanawake wameanza kukaa uwanjani, hawaongei, na Régina anawakataza hata kukohoa.

Pumzi zinakuja mbalimbali. Inakuja moja. Unangoja. Unafikiri basi. Inakuja ingine.

Niko naandika mukono wa kulia, mukono wa kushoto anao yeye. Maneno yangu yote ya kuchekesha yamekwisha, Mama Émérance. Nimebaki na deni moja, na si la kwangu, ni la kwako. Nakudai.

Siku walipokuleta kwangu. Umesahau? Toka kwa baba yako mpaka kwa mulango wangu ilikuwa njia ya asubuhi moja. Mimi nimeoga, nimevaa shati la kuazima, nasimama. Na wewe kila njia panda ukikaa chini! Shangazi zako wanatuma mutu: bibi arusi amechoka muguu, leteni kuku. Naleta kuku. Unatembea kidogo, unakaa tena: bibi arusi jua limemuuma, leteni chumvi. Naleta chumvi. Jua likazama, watu wakalewa, wakalala, na mimi bado nimesimama na shati la watu. Hukuona haya. Uliingia kiza kimeshashika, unacheka chini ya kitambaa.

Siku ile yote ulinichukulia, na sijawahi kukudai.

Nirudishie leo. Siku moja tu, hata nusu yake. Wakikuita wale waliotangulia, wewe nenda polepole, unajua sana kwenda polepole. Kwa kila njia panda kaa chini. Sema muguu umechoka. Waombe kuku, waombe chumvi, kataa, waache wasimame na mashati yao, mutoto iko karibu, Subira, kaa chini, usimame tu ukimusikia yeye kwa mulango, kaa